Kompyuta haifi yote kwa siku moja

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, wafanyabiashara wadogo na wazazi. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Leo sitawafundisha kuchapa barua wala kujaza fomu. Masomo hayo yana siku yake. Leo nitafungua kompyuta hii iliyo mezani, nitoe kiungo kimoja kimoja, niwaonyeshe kinafanya kazi gani na kinaugua vipi. Nafanya hivyo kwa sababu ya pesa zenu. Kikundi kinachanga miezi mingi, kinanunua kompyuta ya kuweka hesabu. Siku moja haiwaki. Inapelekwa mjini, mtu anaitazama dakika mbili na kusema, "Hii imekufa, tafuteni nyingine." Wanakikundi hawana la kujibu, kwa hivyo wanarudi kuchanga. Pengine kilichokufa ni kijibetri kidogo cha ukubwa wa sarafu.

Kompyuta haifi yote kwa siku moja. Ina viungo, na kila kiungo kina kazi yake na ugonjwa wake. Anayevijua hadanganyiki kirahisi, dukani wala kwa fundi.

Tena mashine hii hatuwezi kuikwepa. Mwaka wa 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuweka zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen. Watoto wa shule za msingi walianza kupewa tabuleti mwaka wa 2016. Sensa ya 2019 ilifanywa kwa tabuleti, na waliokuja kutuhesabu hapa Makueni na kule Kitui hawakubeba madaftari makubwa ya zamani.

Maunzi na programu

Tuanze na maneno mawili. Kila unachoweza kukishika kwa mkono kwenye kompyuta kinaitwa maunzi: skrini, kibodi, nyaya, kasha na vilivyomo. Maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini yanaitwa programu. Huwezi kuishika programu kwa mkono, lakini unaiona ikifanya kazi.

Tofauti hii ina faida kwako. Mashine ikikusumbua, swali la kwanza ni hili: ni maunzi au ni programu? Kompyuta inayowaka vizuri lakini haifungui barua yako huenda ina tatizo la programu, na hakuna haja ya kununua kifaa chochote. Ile isiyotoa hata taa moja ukibonyeza swichi, anza kutafuta kwenye maunzi.

Kasha si CPU

Wengi wetu tumezoea kuliita hili sanduku "CPU". Mtu anaingia dukani na kusema, "CPU yangu imeharibika." Hapo muuzaji anajua anazungumza na mgeni. Sanduku ni kasha tu, nyumba ya viungo. CPU yenyewe, ambayo mafundi huiita prosesa na walimu huiita kichakataji, ni hiki kipande bapa ninachokishika sasa, kinachoenea kiganjani. Ndicho kinachofanya hesabu zote na kufuata kila agizo.

Ili tuelewane, fikirini duka la fundi wa nguo sokoni. Yuko fundi mwenyewe, anayekata na kushona. Iko meza yake ya kukatia. Na iko rafu nyuma yake yenye vitambaa na nguo zilizokwisha.

Prosesa ni fundi. Akiwa mwepesi, kazi inakwenda. Akiwa mzito, wateja wanangoja.

RAM ni meza. Hapa mashine huweka kile inachokishughulikia sasa hivi. Meza ndogo humfanya hata fundi hodari ahangaike, kwa maana kila mara atoe hiki ndipo aweke kile. Ndiyo sababu kompyuta yenye RAM ndogo hukwama ukifungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja. RAM hupimwa kwa GB. Kwa kazi za ofisi za siku hizi GB 4 ni za kubanana, na GB 8 zinatosha kikundi au duka la kawaida.

Diski ni rafu. Hapo ndipo mambo yako yanapokaa: barua, picha, daftari la mikopo ya kikundi. GB 1 hutosha picha 300 hivi za simu, kila moja ikiwa na MB 3. Kwa hivyo diski ya GB 256 ina nafasi kubwa kwa wengi wetu.

Sasa sikilizeni tofauti kati ya meza na rafu, maana imewaliza watu wengi. Stima ikikatika, kilicho kwenye RAM kinafutika papo hapo. Kilicho kwenye diski kinabaki. Katibu anayeandika hesabu saa mbili bila kuhifadhi ameacha nguo zote mezani, na meza hiyo husafishwa stima ikiondoka. Bonyezeni kitufe cha Ctrl pamoja na herufi S kila baada ya dakika chache. Hapo kazi inahama kutoka mezani hadi kwenye rafu.

Diski ziko za aina mbili. Hii nzito, HDD, ina sahani ndani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kisomeo kinachopita juu yake bila kuzigusa. Hii nyepesi, SSD, haina kitu kinachozunguka. SSD ni ya kasi zaidi na huvumilia mitikisiko. Kwa sisi wa barabara za changarawe jambo hili si dogo. Laputopu yenye HDD ikibebwa kwenye bodaboda ikiwa imewaka, kisomeo kinaweza kukwaruza sahani na rekodi zikapotea. Izimeni kabisa kabla ya safari.

Madabodi na kijibetri chake

Ubao huu mkubwa wa kijani ndio ubao mama, au madabodi. Prosesa, RAM, diski na nyaya zote zimeunganishwa hapa, nao unabeba habari na stima kutoka kiungo hadi kiungo. Ukiharibika kabisa, gharama ni kubwa, na kwa mashine kuukuu pengine ni heri kununua nyingine. Lakini msikubali kuambiwa "ni madabodi" kabla viungo rahisi havijapimwa.

Tazameni kijibetri hiki cha mviringo kwenye madabodi. Kimeandikwa CR2032, na kina nguvu ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee hata mashine ikiwa imezimwa. Baada ya miaka kadhaa huisha. Dalili yake ni hii: kila ukiwasha mashine, tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Kisha tovuti za benki, za kodi au eCitizen zinakataa kufunguka na kutoa onyo la usalama, kwa sababu kivinjari hukagua tarehe kabla ya kuamini mawasiliano. Mtu anaambiwa ana virusi, au laini ya intaneti ni mbovu, kumbe dawa ni betri ya bei ndogo na dakika kumi za fundi.

Na RAM nayo ina ugonjwa wa kawaida. Vumbi la kiangazi huingia kwenye nafasi yake, au mtikisiko wa safari huilegeza. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi, na pengine mashine inalia bip bip. Fundi huzima mashine, hutoa waya ukutani, hutoa RAM, husafisha meno yake ya rangi ya dhahabu na kuirudisha mpaka ishike. Mara nyingi mashine hufufuka. Mwombeni fundi ajaribu hilo kwanza.

Stima na jua

Stima ya ukutani kwetu ni volti 240. Viungo vya kompyuta haviwezi kuila hivyo. Ndani ya kasha mna pawa saplai inayoipunguza hadi volti 12, volti 5 na chini yake. Kwa laputopu kazi hiyo hufanywa na chaja, ambayo nyingi hutoa volti 19 au 20. Kabla ya kuazima chaja ya jirani, soma kibandiko: volti ziwe sawa na za chaja yako, na ampea zisiwe chini yake. Tundu kuingia vizuri si ushahidi kwamba chaja inafaa.

Stima inapopotea na kurudi ghafla, nguvu yake huweza kupanda na kuunguza pawa saplai. Ikikatika, chomoa waya, ungoje itulie. Kwa ofisi ya kikundi, kifaa cha UPS kinafaa: kina betri inayokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Kwa walio mbali na nguzo za stima, jua letu linatosha ukipiga hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Tuitumie nusu tu ili idumu, yaani wati-saa 600. Laputopu inayokula wati 40 itafanya kazi kama saa 15. Kompyuta ya mezani na skrini yake, ikila wati 120, itafanya kazi saa 5. Inveta inayogeuza stima ya betri hula kidogo katikati, kwa hivyo punguzeni kiasi. Mwenye kutegemea jua anunue laputopu.

Vya kuingizia na vya kutolea

Vilivyobaki vinaonekana. Kibodi, kipanya, kamera, kipaza sauti na skana huingiza habari kwenye mashine. Skrini, spika na printa hutoa habari. Vyote hivi vinabadilishika. Kibodi ya mezani ikifa, nunua kibodi. Skrini ikiwa nyeusi, iunganishe na kompyuta nyingine uone kama inaonyesha. Ikionyesha huko, basi skrini ni nzima.

Wengine hudhani skrini ndiyo kompyuta. Kumbukeni Malili, hapa hapa Makueni, kwenye jiji la teknolojia la Konza. Huko kuna kituo cha kitaifa cha data, ambako kompyuta zimepangwa kwenye makabati, na hazihitaji kila moja skrini wala kibodi yake. Lakini ukifungua moja utakuta jamaa hawa hawa: prosesa, RAM, diski, madabodi, pawa saplai na feni. Hata simu iliyo mfukoni mwako ina prosesa, RAM na hifadhi, ila vimebanwa kwenye ubao mdogo.

Ukienda kununua

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwenye miji yetu, iwe Wote, Emali, Kitui au Mwingi, ni mitumba iliyotumika maofisini ng'ambo. Si vibaya, mradi ujue unachonunua.

Kwanza, prosesa. Nyingi ni za Intel, zenye jina kama i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, kwa hivyo hii ni ya kizazi cha 6. i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Ikiwa tarakimu ni tano, soma mbili za kwanza: i5-10310U ni ya kizazi cha 10. Kwa nini ujali? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya kuirekebisha Windows 10 kiusalama. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au baadaye, RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 bado inafanya kazi, na inaweza kuwekewa Linux, programu endeshi isiyolipiwa. Lakini usiilipie bei ya mashine ya jana.

Pili, usisome kibandiko tu. Mwambie muuzaji awashe mashine. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu iliyoandikwa "Performance". Hapo utaona jina la prosesa, ukubwa wa RAM, na kama diski ni SSD au HDD. Ukiambiwa GB 8 na mashine yenyewe ikasema GB 4, iamini mashine.

Tatu, kama ni laputopu, chomoa chaja na uitumie dakika ishirini pale pale dukani. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Jaribu kila tundu la USB kwa fulashi. Sikiliza feni. Kisha dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana.

Ukienda kwa fundi

Tuna mafundi waaminifu, na vijana wetu wengi wamejifunza kazi hii kwenye vyuo vya ufundi. Lakini uaminifu nao husaidiwa na kumbukumbu. Kabla ya kuacha mashine, andika kwenye daftari la kikundi namba yake, ukubwa wa RAM, na aina na ukubwa wa diski. Fundi atie sahihi. Mashine ikirudi, linganisheni mbele yake. RAM ya GB 8 inaweza kutoka na ya GB 4 ikaingia, nanyi mkaona tu kwamba kompyuta imekuwa nzito. Kiungo kikibadilishwa, ombeni kile cha zamani mkione.

Jambo kubwa zaidi ni diski. Kiungo chochote kingine kikipotea, umepoteza pesa. Diski ikipotea, mmepoteza hesabu za wanachama, nakala za vitambulisho, namba za PIN na pengine nywila zenu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kikundi kinachoweka habari za wanachama kina wajibu wa kuzilinda. Kwa hivyo wekeni nakala ya rekodi kwenye diski ya pili inayokaa nyumba nyingine, si kwenye mkoba uleule wa laputopu. Mashine ikienda kutengenezwa pawa saplai au skrini, mwombeni fundi aitoe diski mbaki nayo. Na mkiuza kompyuta, msiiuze na diski ambayo haijasafishwa. Kufuta faili kwa kitufe hakutoshi, maana mjuzi huzirudisha. Mwombeni fundi mnayemwamini aifute yote mbele yenu, au muitoe mkae nayo.

Vumbi na takataka

Kibwezi, Mtito Andei na Mutomo hazihitaji kuelezwa joto ni nini. Prosesa ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue, na ikizidiwa mashine hujizima. Feni iliyozibwa na vumbi ndiyo chanzo cha kawaida. Wekeni kompyuta juu ya meza, si sakafuni, si kitandani wala juu ya kitambaa. Ifungueni na kuipuliza vumbi kila baada ya miezi kadhaa, ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, nanyi mkiwa mmeishika feni isizunguke.

Kiungo kilichokufa kabisa msikichome, wala kukitupa mtoni. Ndani ya mashine kuukuu na skrini za zamani mna risasi na zebaki, na moshi wa nyaya ni sumu. Betri ya laputopu iliyovimba msiitoboe wala kuichaji tena, maana inaweza kushika moto. Vikusanyeni mahali pamoja mbali na watoto, na muulize ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yenu jinsi ya kuvikabidhi.

Ndugu zangu, nimemaliza maneno. Viungo hivi nitaviacha hapa mezani. Njooni mbele kwa zamu, mvishike na mjifunze kurudisha RAM mahali pake. Makatibu wa vikundi waanze, maana wao ndio watakaoandika kwenye daftari. Wazee na akina mama wasibaki nyuma wakisema haya ni mambo ya vijana. Pesa zinazochangwa ni zenu.